Paneli Iliyovutwa Mpaka Ikatoweka

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya masika ya juzi tu, palikuwa na ofisi ndogo ya kuonya watu juu ya mafuriko ya mto Lungwe. Ilikuwa na watu watatu. Bwana Ngoda alikuwa mkuu. Bi Sikudhani alikaa zamu mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Na Tunu, binti wa miaka ishirini na sita, aliajiriwa kwa mkataba mfupi kutengeneza programu.

Programu ya Tunu ilifunguka mtandaoni, na dirisha lake aliligawa paneli tatu. Kushoto orodha ya vijiji na simu zao, katikati ramani ya bonde, kulia ujumbe kutoka kwa walinzi wa mto kule milimani. Kati ya paneli na paneli palikuwa na mstari. Unaushika kwa kipanya, unauvuta. Paneli moja inapanuka, jirani yake inapungua. Lakini Tunu aliweka kizuizi: vuta utakavyovuta, paneli haipungui chini ya upana wa vidole vinne.

Siku moja wakaja wageni wakubwa. Bwana Ngoda akauvuta mstari ili ramani ijae dirisha zima. Mstari ukagoma. Akauvuta tena, ukagoma. Mgeni mmoja akatabasamu.

"Tunu! Nini hiki kinanikatalia?"

"Ni kizuizi, bosi. Paneli isije ikapotea."

"Mimi mtoto? Kitoe."

Tunu alijua. Alijua kwamba paneli inayoweza kufungwa ipo siku itafungwa, na ikishafungwa hakuna cha kumkumbusha mtu kwamba ilikuwapo. Lakini mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki tatu, na wa kuurefusha ni Ngoda. Akasema, "Sawa, bosi." Kabla ya chakula cha mchana kizuizi kilikwisha kutoka. Mkataba ukarefushwa.

Masika yakaingia. Macho ya Bi Sikudhani yalikuwa yameanza kufifia, na majina ya vijiji kwenye ramani hayakusomeka. Akauvuta mstari kulia, ramani ikakua. Akauvuta tena, majina yakasomeka, na paneli ya ujumbe ikatoweka. Aliiona ikitoweka. "Nitairudisha nikimaliza," akajisemea. Simu ikaita, akapokea, akasahau. Kesho yake dirisha likafunguka vilevile, maana Tunu aliifundisha programu kukumbuka mtu alipoiachia.

Alhamisi, saa sita mchana, maji yakashuka kijiji cha Mkombola. Wenye miguu walikimbilia mlimani. Mzee Mlali alikuwa kitandani na homa, mkewe yuko shamba la mbali. Walimpata siku ya tatu, mtoni chini.

Mlinzi wa mto akapiga simu, analia: "Nilituma mara tatu! Mara tatu!"

"Hakuna kilichofika," akasema Ngoda. "Tunu, njoo uangalie."

Tunu akapeleka kipanya kwenye ukingo kabisa wa dirisha. Alijua pa kushika. Akauvuta mstari kushoto, na ujumbe ukajitokeza, kwanza mwembamba, kisha ukatanuka mpaka wote watatu wakausoma. *Saa tatu: maji yanapanda. Saa nne: yamefika alama ya saba. Saa nne na nusu: watoeni watu wa Mkombola, tafadhali.*

Hilo "tafadhali" ndilo lililomwinamisha Tunu. Bi Sikudhani aliketi sakafuni.

Wiki ya pili akaja mjane, Mama Mlali, amefunga kanga kiunoni, vumbi la safari miguuni. Alikataa kiti, alikataa maji.

"Sikuja na polisi," akasema. "Kila nyumba inaniuliza, nani? Siku ya arobaini aje aliyekosa, asimame mbele yetu, aseme: ni mimi."

Bi Sikudhani akasema, "Ni mimi, dada yangu. Mkono huu ndio ulioifunga. Niliona, nikaahirisha."

Bwana Ngoda akasema, "Mama, huyu macho hayaoni vizuri, alitumia alichopewa. Mimi niliamuru kizuizi kitoke, kwa sababu mgeni alinicheka. Niliamuru, wala sikuuliza kilikuwa kinazuia nini."

Tunu alitaka ardhi ipasuke immeze. Hao wawili hawakujua hatari yake, yeye alijua. Akasema, "Bosi aliamuru asilolijua, Bi Sikudhani akafunga bila kujua hatari yake. Mimi nilijua, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa ajili ya mkataba."

"Basi twende sote watatu," akasema Ngoda.

Mama Mlali akatikisa kichwa. "Mkija watatu mtagawana aibu, kila mtu arudi na kipande kidogo. Mume wangu hakufa kipande. Nataka mmoja, aibebe yote; shemeji yangu atamchukua stendi."

Akaondoka. Hawakuafikiana; kila walipoanza kulizungumza, mmoja alilia na wengine wakainama.

Asubuhi ya arobaini Tunu alidamka, akajifunga kanga nyeusi, akaenda stendi bila kumwambia mtu. Alimkuta Bi Sikudhani amekaa kwenye benchi, ameshika tasbihi. Nyuma ya kibanda cha tiketi alikuwa amesimama Bwana Ngoda, bila tai, bila dereva. Wakasalimiana kwa kunong'ona. Hakuna aliyekubali kurudi nyumbani.

Pikipiki ikaja kutoka Mkombola. Aliyeiendesha ni shemeji yake Mama Mlali. Akazima injini, akawatazama mmoja mmoja.

"Nimetumwa nichukue mtu mmoja," akasema. "Watu wamekwisha kukaa. Nani anapanda?"

Na mimi nawauliza ninyi mnaonisikiliza: aliyejua akanyamaza, aliyeamuru bila kuuliza, au aliyeona akaahirisha? Je, nani alistahili kupanda?