Njiwa wa Mjini na Rangi ya Sabili

Sogeeni. Na wewe mwenye shahada sogea pia, nitakwenda taratibu usiachwe nyuma. Hadithi hii haifundishwi darasani. Mimi niliwahi kutoka mapema, ndiyo maana ninayo.

Mji ulipokuwa bado unajifunza kuwa mji, rangi zilikaa ndani. Mazulia, mapazia, vioo vya rangi, vyote vilikuwa nyuma ya milango, na mwenye nyumba ndiye aliyeamua nani aone. Huko nje, kati ya mji, palikuwa na kuta nyeupe na vumbi jeupe. Watu walipita hapo kama ndoto ipitavyo kwa mtu ambaye hataikumbuka asubuhi.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha wote: maji ya sabili. Mwenye moyo aliweka mtungi barazani, akatia kata ya kuchotea, na kuanzia hapo mtungi haukuwa wake tena. Kilichotiwa kata nje hakikatazwi mtu, wala hakirudishwi ndani.

Hapo ndipo alipoishi Bi Mwanasha, fundi wa kupaka chokaa, na mdogo wake Mize, aliyeletwa kutoka bonde la mpunga baada ya miguu yake kufa ganzi. Kitanda cha Mize, ghorofani, kilitazama dirisha, na dirisha lilitazama ubavu wa ghala la Bwana Shamte, mpana, mweupe, kimya. Mize aliutazama hadi maneno yakamwisha. Kisha akaacha kula. Bi Mwanasha akaona mdogo wake anafifia kuelekea kwenye ule weupe, akajua asipomwita kwa njia nyingine atamkosa.

Basi akachanganya nili, bizari, udongo mwekundu na majani yaliyotwangwa, ili achore bonde la kwao kwenye ukuta ule wa ghala. Akaipanga mitungi barazani, akaacha kata ndani ya kila mmoja ya kukorogea, akaenda kuazima ngazi.

Enhe. Kata, nje, barazani.

Aliporudi alimkuta mchukuzi mmoja wa magunia mikono ikiwa buluu hadi viwikoni, na nyuma yake nusu ya soko.

“Ahsante kwa sabili, Bi Mwanasha,” alisema mchukuzi. “Leo maji yako mazito, hayanyweki, tukaona tuyamwagie ukutani hapa.”

Angewakatazaje? Akawaomba tu wamchoree mpunga na yangeyange, wale ndege weupe wa bondeni. Wakachora, wengine juu ya mabega ya wengine, polepole kama watu wanaoogelea usingizini. Njiwa nao wakashuka. Siku hizo njiwa alikuwa rangi ya majivu mwili mzima, na amezoea kunywa kwenye mitungi ya sabili. Wakazamisha shingo kwenye nili, wakahamia kwenye majani, wakaonja na udongo.

Ndipo Bwana Shamte akatokea na ndoo ya chokaa.

“Ukuta ni wangu,” alisema.

“Ni wako, bwana,” alijibu mchukuzi, “lakini rangi ina kata.”

“Naufuta sasa hivi.”

Alikuwa ameshainua brashi, sauti ikashuka kutoka juu, kavu kama bawaba isiyotiwa mafuta. “Nani kachora yangeyange kama kuku wa kunyonyolewa?”

Mize alikuwa amejiburuta hadi dirishani, kidevu juu ya kizingiti. “Dada, hawa watu umewaokota wapi?”

Bi Mwanasha alikuwa amekaa chini, anacheka na kulia.

“Shuka utuoneshe basi, shangazi,” alisema mchukuzi. “Sisi mpunga tunaujua ukiwa kwenye gunia.”

“Nileteeni uji kwanza. Sichori na njaa. Na wewe mwenye chokaa, usiondoke nayo, yangeyange ni mweupe.”

Bwana Shamte akatazama brashi yake, akatazama ukuta, akaisogeza ndoo barazani. Kisha yeye mwenyewe akatia kata.

Na tangu siku hiyo, picha za kati ya mji hukaa nje na hazina mlango, na njiwa wa mjini hutembea katikati ya miguu yetu bila kuomba njia. Mtazame shingo. Ukisema ni kijani, anageuka zambarau. Ukisema zambarau, amerudi buluu, maana alikunywa kila mtungi. Wasomi mtasema ni mwanga tu. Sawa. Nileteeni njiwa wa mjini mwenye shingo ya majivu, nami nitarudi shule.