Kindi Aliyeachiwa Moyo wa Mvule

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wenye kero, palikuwa na mjane aitwaye Kindi. Aliishi na watoto wake katika tundu la mvule mkubwa, ukingoni mwa msitu.

Asubuhi moja alitoka kutafuta kokwa. Aliporudi, alikuta watoto wamekumbatiana chini na mvule umelala. Pembeni walisimama Ndovu na Kifaru, wakitweta.

"Shikamooni, wazee," alisema Kindi. "Nyumba yangu imewakosea nini?"

"Marahaba," alijibu Ndovu. "Haijatukosea. Masika yanakaribia, nasi tunataka nguzo."

"Na sisi tulale wapi?"

Kifaru akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. "Chukueni majani," akasema.

Kindi hakulia mbele yao. Alizaliwa ndani ya mti ule; aliujua kama mtu ajuavyo sufuria zake. Akatazama pale ulipokatika. Upande wa nje, chini ya gome, ulikuwa mweupe na umelowa. Katikati ulikuwa wa kahawia, mkavu, mgumu.

"Wazee wangu," alisema, "mti ni mmoja, lakini ndani yake mna miti miwili. Huu mweupe wa nje ndio ulio hai. Humo ndimo maji hupanda kwenda kwenye majani. Huu wa katikati ulikufa zamani. Wenye nguvu kama nyinyi mtachukua upi?"

"Ulio hai," alisema Ndovu.

"Ulio hai," alisema Kifaru, maana hakupenda kupitwa.

"Basi mimi mjane niachieni maiti."

Walikaribia kumwonea huruma. Ndovu akatia pembe, pwaa, gogo likapasuka. Wakabambua weupe wote wakaenda zao, na siku ile ile wakasimamisha nguzo mbichi.

Kindi na wanawe walianza kutafuna tundu jipya katika ule moyo wa kahawia. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Meno yaliwauma, na watoto walilala chini ya majani wakinung'unika kwamba mama yao hajui kuchagua. Kindi aliendelea kutafuna.

Masika yakaja, na mchwa wakaja nayo. Mchwa hawana makuu, wanangu: wakipata mti laini wenye utamu, wanashukuru. Wakala nguzo za Ndovu, kisha wakavuka ua kwa Kifaru. Wakaonja na mlango wa Kindi, wakatema.

Siku ya mvua kubwa, kacha, kacha, nyumba mbili zikaanguka. Ndovu na Kifaru wakaenda kwa Kindi wakichuruzika maji.

"Hodi. Ulitudanganya," alisema Ndovu.

"Karibuni. Nilisema neno gani la uongo, mzee?"

 

"Ulisema wako umekufa," alisema Kifaru.

"Umekufa kweli. Ndiyo maana hauna chakula cha kumpa mchwa. Wenu ulikuwa hai, una akiba mwilini."

Kifaru akaomba angalau ajikinge. Kindi hakuwa na roho mbaya. Akafungua mlango wote. Pembe ya Kifaru ikaingia, ikakaa pakavu hadi mvua ilipokatika. Kifaru mwenyewe alibaki nje.

Basi jueni, wanangu: mwenye nguvu huuangusha mti, lakini anayeujua ndiye anayekaa ndani yake.