Kipande cha Kwanza cha Kobe Zimamoto

Shauri lenyewe, kwa jina lake kamili, liliitwa Kikao cha Dharura cha Kaya Kuhusu Mpangilio wa Ulishaji wa Keki ya Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto Mihayo. Kwa lugha ya sisi tusio na mihuri: nani alishwe kwanza.

Desturi mnaijua. Mtoto huzima mishumaa, hukata keki, kisha huchukua kipande kwa vidole vyake na kumtia mtu mdomoni, watu wakipiga picha. Vipande vinavyofuata ni keki tu. Kile cha kwanza ni tamko.

Nyumba hiyo ya Tabora ilikuwa na watu wazima watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Getruda, mama wa mtoto, muuguzi, alijaliwa pua: huoka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, wala hafunui kuchungulia; harufu humwambia. Maganga, baba, karani wa halmashauri, alijaliwa ulimi. Ndiye aliyemzua, katika visa anavyomsimulia mtoto, Kobe Zimamoto, kobe mwenye masharubu na kofia nyekundu ambaye hawezi kumwaga maji mpaka kibali cha maji kitiwe saini. Na Nyamizi, dada mkubwa wa Maganga, fundi cherehani, alijaliwa mikono.

Mihayo alikuwa anatimiza miaka saba, na alitaka keki ya Kobe Zimamoto. Kobe huyo hauzwi dukani. Ilibidi azaliwe nyumbani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halikuandikwa kwenye ajenda. Siku mbili za kuzaliwa zilizopita zilimkuta Getruda wodini, na mara zote mbili aliyelishwa kwanza ni Nyamizi. Picha ya mwaka jana Getruda aliiona kwenye simu akiwa kazini: mtoto anacheka mpaka macho yamefumba. Aliisifu, akarudisha simu mfukoni. Mwaka huu aliomba zamu za usiku ili mchana awepo. Alikitaka kipande kile. Lakini alitaka apewe, si aombe, kwa hiyo hakumwambia mtu.

Asubuhi alirudi kutoka zamu, na badala ya kulala akakoroga siagi na sukari mpaka mkono ukafa ganzi. Akapanga makaa, akakaa karibu na sufuria akinusa, kichwa kikimwangukia kifuani na kuinuka tena. Aliposema "tayari", ilikuwa tayari. Bila yeye pasingekuwa na keki.

Maganga alikuwa na ripoti ya robo mwaka, ile ambayo huulizwa sana kabla ya kuandikwa na haisomwi kabisa baadaye. Akaiacha. Akakaa jikoni, akafumba macho, akasimulia visa vyote upya ili ajue masharubu yanaelekea wapi na mpira wa maji unaning'inia upande gani. Akikosea, Mihayo angegundua, na Mihayo hasamehe. Bila yeye angekuwa kobe wa mtu yeyote.

Nyamizi alifunga kibanda chake huku gauni la bibi harusi likisubiri zipu. Alikata magamba kwa kipimo cha macho, kama akatavyo kitambaa, akayapaka sukari ya kijani. Kofia aliitengeneza kwa andazi lililopakwa rangi nyekundu. Bila yeye ingebaki keki ya duara yenye hadithi nzuri.

Alasiri Mihayo akaitwa. Aliitazama meza, akamwambia kobe, "Shikamoo."

Hapo ndipo Nyamizi, kwa mazoea, alisogea mahali pa kulishwa na kuweka kilemba sawa. Getruda akasema, kwa upole, kwamba labda mwaka huu wangebadilisha.

"Wifi," Nyamizi akasema, "ile uliyonipa ilikuwa mkate wa sukari. Kobe nimemfanya mimi."

"Na wewe bila ule mkate, wifi, ungechonga sabuni."

Walicheka, maana mawifi hutaniana. Kicheko cha Getruda kiliisha mapema.

"Kabla hamjafika mbali," Maganga akasema, "huyo kobe alitoka kichwani mwa nani?" Akatangaza kikao, akathibitisha akidi, akafungua mjadala. Pakajadiliwa jasho, wazo na ustadi. Pendekezo la kuwalisha wote watatu kwa pamoja lilianguka, kwa kuwa mtoto ana mikono miwili. Mihayo, ameshika kisu kilichofungwa utepe, akauliza kama akate. Akajibiwa kwamba shauri liko katika hatua za mwisho.

Mwisho Maganga akamgeukia mkewe. "Mama Mihayo, una neno la nyongeza?"

Getruda alimtazama mtoto. Neno lilikuwepo, na lilikuwa fupi.

"Amueni tu," akasema.

Basi, nyinyi mliokaa hapa na hamna keki ya kuwapotosha: mmoja alitoa usingizi wake, mmoja akatoa kobe wake, mmoja akatoa siku yake ya kazi. Kipande cha kwanza ni kimoja. Mngekiweka mdomoni mwa nani, na mngewaambia nini wale wawili waliobaki?

Mkijibu mtakuwa mmewashinda wao, kwa sababu gari la hospitali, lililokuja kumchukua Getruda kwa zamu ya usiku, lilipiga honi kabla kikao hakijaamua, naye akaondoka. Mihayo alimlisha shangazi yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama karibu. Kipande cha mama kiliwekwa kwenye bakuli na kufunikwa. Alikila asubuhi, mtoto akiwa bado amelala, kwa kijiko, mwenyewe.