Gwantwa Aliyekataa Kuketi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeketi wote?

Tumeketi!

Haya, ketini vizuri, maana leo nawasimulia habari za mtu aliyekataa kuketi.

Zamani, milima hii ilipokuwa na msitu mpaka kileleni, palikuwa na ziwa liitwalo Ilonde. Lilikuwa la mviringo kama mdomo wa chungu, limezungukwa na mianzi na miti mirefu iliyoota ndevu za kijivu. Njia ya kulizunguka ilikuwa moja tu, nyembamba, na kimya. Kimya kabisa. Ndege hakulia, mbega hakuruka, jani halikutikisika. Na kando ya njia hiyo palikuwa na mawe makubwa yaliyojikunyata, utadhani watu walioweka videvu magotini.

Huku kwetu aliishi binti mfinyanzi, jina lake Gwantwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, kwa hiyo alipotembea alikwenda ki-po! ki-po! ki-po! Alipokuwa mdogo kila mtu alimwambia, "Keti, mtoto, utaanguka." Kila mtu, isipokuwa kaka yake, Ambakisye. Huyo alimshika mikono akamwambia, "Simama, mdogo wangu. Ukianguka tutainuka wote." Akaanguka, akainuka. Akaanguka tena, akainuka tena. Mwisho akatembea.

Siku moja Ambakisye akaaga kwenda ng'ambo ya ziwa kumwona mchumba wake. Ikapita siku moja, hakurudi. Zikapita mbili, hakurudi. Mwezi ukaandama, ukafa, hakurudi.

Mzee Mwakalonge, mkuu wa kijiji, akawakusanya watu akasema, "Amechukuliwa na zimwi la njiani, kama wenzake waliotangulia. Tumlilie, yaishe."

"Hatujamtafuta bado," akasema Gwantwa.

"Na nani aende kumtafuta?"

"Nitakwenda mimi."

Watu wakaangua kicheko, pamoja na msiba wao wote. "Wewe? Na mguu huo?"

"Na mguu huu huu."

"Nakukataza!" Mzee Mwakalonge akapiga fimbo chini.

"Nimekusikia, baba. Nitakwenda."

Basi alfajiri akajifunga nguo kiunoni akashika njia. Ki-po! ki-po! ki-po! Ile njia iliyozoea kimya ikashtuka kusikia nyayo. Gwantwa aliogopa, msifikiri hakuogopa. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Ila kila ulipodunda alitia wimbo juu yake:

*Siketi, siketi,*
*mguu mrefu twende,*
*mguu mfupi twende,*
*kaka yangu nimfuate,*
*siketi!*

Jua lilipopanda akafika penye chemchemi. Kando yake kiliwekwa kigoda kizuri, kimeng'arishwa kwa mafuta. Sauti nyororo ikatoka kwenye mianzi: "Dada, umechoka. Keti unywe maji."

"Nitakunywa hivi hivi," akasema Gwantwa. Akainama, akateka kwa kiganja, akanywa. "Siketi."

Akaenda zake. Ki-po! ki-po! ki-po!

Jua lilipofika utosini akasikia harufu ya ndizi za kuchoma. Akaona moto, na mbele yake mkeka mpya umetandikwa. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Mwanangu, njaa itakuua. Keti ule."

Njaa kweli ilimuuma. Akaokota ndizi moja, akaimenya huku anatembea. Alipoitia mdomoni ikawa gome la mti. Akaitema. "Siketi, mama!"

Akaenda zake. Lakini sasa mguu mfupi ulimwaka moto, na ule mrefu, uliobeba kazi ya mwenzake, ulitetemeka. Ndipo akasikia sauti ya tatu.

"Gwantwa! Mdogo wangu!"

Ilikuwa sauti ya Ambakisye. Ndiyo yenyewe, na kile kikwaruzo chake kidogo kooni.

"Kaka! Uko wapi?"

"Niko hapa nyuma ya mianzi. Maskini, umetoka mbali na mguu wako huo. Keti hapo kwenye gogo, nakuja tuzungumze. Keti, mdogo wangu."

Machozi yakamtoka Gwantwa. Magoti yakajikunja yenyewe. Gogo lilikuwa pale pale, na nguo yake ilikwisha kuligusa. Mara akasimama wima kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Mwongo wewe!" akapaza sauti. "Dunia nzima imeniambia niketi. Kaka yangu peke yake ndiye aliyeniambia nisimame. Toka nikuone!"

Mianzi ikavunjika, kwacha! kwacha! Likatoka zimwi. Refu kama mti, tumbo kama ghala la mahindi, jicho moja katikati ya paji la uso.

"Kwa nini huketi?" likanguruma. "Wote huketi! Anayeketi kwenye njia hii hainuki tena, anakuwa jiwe. Nami nakuja kila siku kunyonya pumzi yake, kidogo kidogo, nashiba."

"Na asiyeketi?"

Zimwi likasaga meno, likaurudisha mkono wake nyuma. Gwantwa akalielewa. Halikuweza kumgusa.

"Kaka yangu ni jiwe gani?"

Zimwi likacheka, likaonyesha kwa kidole. Gwantwa akaliendea lile jiwe, akaliwekea kiganja. Lilikuwa vuguvugu, kama chungu kilichotolewa motoni tangu asubuhi. Akageuka.

"Basi tutembee, mimi na wewe," akasema. "Tulizunguke ziwa. Atakayeketi kwanza ndiye jiwe."

"Wewe? Mwenye mguu mmoja na nusu?"

"Mimi. Au unaogopa?"

Zimwi kuambiwa linaogopa! Likafoka, likaanza kumfuata. Gwantwa mbele, ki-po! ki-po! Zimwi nyuma, gubu! gubu! Na Gwantwa akaimba:

*Siketi, siketi,*
*mguu mrefu twende,*
*mguu mfupi twende,*
*wewe na tumbo lako twende,*
*siketi!*

Mzunguko wa kwanza zimwi lilicheka. Mzunguko wa pili lilinyamaza. Mzunguko wa tatu likaanza kuhema kama mivukuto ya mhunzi. Miaka yote hiyo lilikuwa likiletewa chakula na njia. Lilijua kula, kutembea halikujua. Tumbo likaburuta, likapiga visiki.

"Binti, pole pole basi."

"Sijui pole pole."

"Binti, miguu yako inavuja damu."

"Naiona. Twende."

"Binti, tupumzike wote wawili, halafu tuendelee."

"Pumzika wewe!"

Na kweli, wanangu, miguu yake ilivuja damu. Alikuwa haoni vizuri, anafuata njia kwa nyayo tu. Aliposikia kwamba gubu-gubu ya nyuma yake imekoma, hakuthubutu kusimama. Akazidi kwenda mpaka aliposikia kishindo, PWAA!

Zimwi lilikuwa limeketi.

"Kidogo tu!" likalia. "Nilitaka kidogo tu!" Likajaribu kuinuka, matako yameshika ardhi. Likajaribu kushika mti, mkono ukawa jiwe. Jicho likafumba mara moja, nalo likawa jiwe.

Hapo mawe yote ya njiani yakaanza kupasuka. Huku mtu anapiga chafya, kule mtu ananyoosha mgongo. Ambakisye akainuka anafikicha macho, akamwona dada yake, akaiona miguu yake.

"Umenifuata vipi huku?"

"Kwa hii hii."

Ambakisye akamshika mikono. Gwantwa akaanguka, na wakainuka wote.

Walirudi watu arobaini na mmoja. Mzee Mwakalonge alipowaona, fimbo ilimponyoka. Katika watu hao alikuwemo msichana mmoja, Sekela, aliyekuwa jiwe kwa miaka hamsini. Akamkuta mdogo wake amekuwa bibi, hana jino hata moja. Wakasimama wanatazamana, kila mmoja hajui nani amwamkie mwenzake. Mwisho yule bibi akapiga goti kwa shida akasema, "Shikamoo, dada," na yule msichana akaitikia, "Marahaba," halafu wakashikana wakalia, watu wote wakalia nao.

Tangu siku ile njia ya Ilonde hupitiwa na yeyote atakaye, na ndege wamerudi kulia.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa, na hapa ndipo ninapoitua. Funzo lake ni hili: watu wakikuambia huwezi, kwa chuki au kwa huruma, usibishane nao sana. Wewe nenda.