Mlango Uliosimama Barabarani

Hapo zamani, katika mji wa Kitama, mji wenye majumba mengi na nafasi chache, alikuwako mtu mmoja akiitwa Ngwali. Mali hakuwa nayo, wala kazi ya kudumu hakuwa nayo. Leo atasuka ukili, kesho atabeba mawe ya chokaa, keshokutwa atalala. Watu walimwita zuzu, kwa sababu kila neno alilichukua kama lilivyosemwa. Siku moja tajiri mmoja alimkaribisha kahawa akamwambia, "Hapa ni kwako, Ngwali." Basi Ngwali akanywa kahawa, akavua viatu, akaingia chumba cha ndani akalala kitandani mwa tajiri, na ikawa kazi kubwa kumtoa.

Mwaka mmoja Ngwali alishikwa na homa kali akaanguka sokoni. Watu wakamruka wakaenda zao, hata akaja mjane mmoja wa seremala, jina lake Bi Mwanate, akaita wenzake, wakamchukua kwa machela mpaka kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya soko. Humo Bi Mwanate na wanawake wenzake walikuwa wakiwauguza watu wasio na wa kuwauguza: wageni waliougulia safarini, wazee waliosahauliwa na wana wao, na wanawake waliofikwa na uchungu wa uzazi nao hawana mama wala shangazi wa karibu. Hawakumdai mtu kitu. Ngwali akauguzwa akapona, na tangu hapo kila alipoamka mapema alikwenda kuwachotea maji na kuwapasulia kuni. Hakuamka mapema kila siku, lakini alikwenda.

Chumba kile kilikuwa cha kupanga, na mwenyewe alikuwa Mwinyi Dadi, mfanyabiashara wa karafuu. Ikawa mwaka ule mikarafuu ilizaa sana, hata Mwinyi Dadi akakosa pa kuweka mavuno. Akaja akasimama kizingitini, akanena, "Bi Mwanate, sina ugomvi nawe. Lakini karafuu zangu zinalala nje."

"Na hawa, bwana, walale wapi?"

"Karafuu zikipigwa na umande huharibika."

"Na watu je?"

Mwinyi Dadi akafikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Biashara hiyo sijapata kuifanya," akasema, akawapa mpaka Ijumaa wawe wametoka.

Siku zizo hizo Sultani Badawi, mtawala wa Kitama, alikuwa amepitisha mpiga mbiu mitaani kutangaza kwamba amefungua hazina. Kundi lolote la watu wanaohudumia wenzao pasipo kutaka faida, hazina itawasaidia wapate mahali pao wenyewe, na wenye mahali padogo watapanuliwa. Bi Mwanate aliposikia habari ile alivaa buibui lake jema, akamchukua Ngwali awe shahidi, wakaenda kwa Waziri Shaibu, ambaye hazina ilikuwa mikononi mwake. Waziri Shaibu alikuwa mtu wa kupenda utaratibu kuliko kitu chochote, na utaratibu alioupenda zaidi ni ule alioutunga mwenyewe.

"Nyumba yenu iko wapi?" akauliza.

"Hatuna, bwana. Ndiyo sababu tumekuja."

"Hazina inapanua nyumba, bibi. Kisichokuwapo hakipanuliki. Nendeni mkapate nyumba, kisha mje kuomba nyumba."

"Tukishapata nyumba, bwana, tutaomba nini?"

"Hapo ndipo tutakapojua kwamba mnastahili."

Ngwali akauliza ni nani waliokwisha kupewa. Waziri akamwambia ni mabwana wa baraza ya bao, ambao nyumba yao iko karibu na kasri, nao wameongezewa ukumbi wa kuwekea mito yao.

"Na wao wanamhudumia nani?"

"Wanahudumiana," akasema waziri, akaamuru mlango ufungwe.

Wakarudi nyuma ya soko. Walipofika Bi Mwanate aliketi kando ya mzee mmoja kipofu, akaanza kumkanda miguu, na Ngwali akaona kwamba anaukanda mguu ule ule mmoja, wa pili ameusahau. Jambo lile lilimwingia. Alikuwa amezoea kumwona mwanamke yule akiosha vidonda na kufunga mifupa, wala hakupata kumwona akisahau kitu hata mara moja.

Basi asubuhi yake Ngwali akaenda barazani kwa Sultani. Sultani Badawi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba kila jambo limekwisha kushughulikiwa. Ngwali akapiga magoti, akanena, "Ee bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Hazina yako inapanua nyumba. Je, nyumba ikiwa ndogo kiasi gani ndiyo huwa ndogo mno, hata isiweze kupanuliwa?"

Watu wakacheka, na Sultani naye akapendezwa. "Ewe Ngwali, hakuna nyumba iliyo ndogo mno kwa hazina yangu. Hata ikiwa ina mlango tu, mimi nitaongeza yaliyobaki."

Baraza zima wakasifu ukarimu wake. Lakini Waziri Shaibu akainama sikioni pa Sultani, kisha akatangaza kwa sauti, "Ila, kwa amri ya bwana wetu, mlango huo na uwe wa wanaoomba wenyewe, usimame mahali wasipolipia kodi, na mahali hapo pasiwe mali ya mtu mwingine. Na uwe umesimama kabla ya swala ya Ijumaa. Usiposimama, habari hii isiletwe tena mbele ya kiti hiki." Akatabasamu, kwa kuwa alijua fika kwamba katika Kitama hakuna shubiri ya ardhi isiyo na mwenyewe.

"Nimesikia na nimetii," akasema Ngwali.

Waziri alipotoka nje alimkuta Ngwali anamngoja ngazini. "Bwana waziri, usinichoke. Barabara hii itokayo kasrini kwenda msikitini ni mali ya nani?"

"Si mali ya mtu. Ni ya umma."

"Na Bi Mwanate ni umma?"

"Ni umma."

"Na wale wagonjwa wake?"

"Nao ni umma! Maswali gani haya ya kitoto?"

"Nashukuru, bwana. Nilitaka kuyasikia kinywani mwako."

Alipofika nyuma ya soko, Bi Mwanate alikuwa anakunja majamvi. "Wamesemaje?" akauliza bila kuinua uso.

"Wamesema mlango unatosha."

Bi Mwanate akamwekea kiganja kwenye paji la uso kupima kama homa imemrudia. Ngwali akamweleza neno kwa neno. Mlango walikuwa nao, tena mzuri: mumewe marehemu aliuchonga kwa mti wa mfenesi mwaka walipooana, na kila chumba alichopanga mjane yule alihama nao pamoja na fremu yake. Bi Mwanate akautazama mlango, akamtazama Ngwali. "Na wakitucheka?" akasema.

Ngwali mwenyewe kuchekwa alikuwa amekuzoea. Lakini hakupata kuwachukua wagonjwa akawaweka mahali pa kuchekwa pamoja naye, na usiku ule usingizi haukumjia.

Ijumaa asubuhi watumishi wa Mwinyi Dadi walianza kuingiza magunia ya karafuu huku wagonjwa wakitolewa. Basi Ngwali na wale wanawake wakauchukua mlango wakaenda kuusimamisha katikati ya barabara ya kasri, wakaukaza fremu kwa mawe. Nyuma yake wakatandika majamvi, wakatunga vijiti na shuka kuwa kivuli, wakawalaza wagonjwa wao. Wapita njia wakaja kutazama, wakacheka kama ilivyotazamiwa. Lakini kabla jua halijapanda sana, mwanamke mmoja mgeni, Mosi jina lake, alishikwa na uchungu palepale nyuma ya shuka. Kicheko kikakatika. Mwuza maji akateremsha mitungi yake yote akaiacha bila kusema bei, na wanawake waliokuwa wakitazama wakaingia kusaidia. Mtoto akazaliwa, wa kike, akalia kwa nguvu.

Adhuhuri ilipokaribia, lango la kasri likafunguliwa na msafara wa Sultani ukatoka kwenda msikitini, mpiga siwa mbele akipuliza ile pembe kubwa, askari nyuma yake, kisha Sultani juu ya farasi mweupe chini ya mwavuli wa hariri. Wakaja mpaka wakaukuta mlango umefungwa, na Ngwali ameketi mbele yake.

"Ondoa mlango!" askari wakapiga kelele.

"Mlango wa watu hauondolewi," akasema Ngwali. "Hubishwa."

"Basi tutazunguka kando," akanena Sultani.

"Ee bwana wangu, mtu aingiaye nyumba ya watu bila kupita mlangoni ana jina lake hapa mjini, na wewe ndiye uliyeweka adhabu yake."

Askari wakaangaliana. Sultani akakunja uso. "Nyumba? Mimi naona mlango."

"Ndivyo ulivyosema, bwana wangu: hata ikiwa ina mlango tu."

Sultani akamgeukia Waziri Shaibu, na waziri akatoka mbele amepandwa na hasira. "Hii ni barabara!"

"Ni ya umma," akasema Ngwali, "nawe umethibitisha kwamba hawa ni umma."

"Ni ya kupita, ewe zuzu! Si ya kukaa!"

"Nasi tulikuwa tunapita, bwana waziri. Tumefika hapa tukaona hatuna tena pa kuendea."

Hakuna aliyecheka. Sultani akateremka juu ya farasi, akasogea mlangoni, akabisha. "Hodi."

Akabisha tena.

"Nani?" ikauliza sauti ya Bi Mwanate.

"Sultani."

"Ngoja kidogo, bwana wangu, tunamsitiri mzazi. Na tafadhali, ile pembe isilie tena. Mtoto ndiyo kwanza anapata usingizi."

Sultani akainua mkono, mpiga siwa akaishusha pembe. Wakasimama pale juani, Sultani na askari na mabwana wote, mji mzima ukiwatazama, mpaka mlango ukafunguliwa. Akaingia peke yake. Akawaona waliolala juu ya majamvi, mwenye mguu uliovunjika, mwenye homa, na Mosi amejifunika na mtoto kifuani. Yule mzee kipofu aliposikia hatua za mtu alinyosha mkono akalishika joho lake. "Ni wewe, Saidi? Mwanangu, umekuja?"

Sultani akauchukua mkono wa mzee, akasema, "Siye, baba. Mimi ni jirani."

"Karibu basi, jirani," akasema mzee. "Kaa."

Akakaa. Muda aliokaa haukuwa mrefu, lakini alipotoka uso wake ulikuwa mwingine. Akamwendea Ngwali akamwambia, "Nimetoa neno langu mbele ya baraza. Sasa niambie, nyumba hii niipanue upande gani?"

"Ee bwana wangu, upande mmoja kuna msikiti, na upande wa pili kuna kasri lako," akajibu Ngwali. "Kwa msikiti hatuthubutu. Kwa kasri hatuna kipingamizi."

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, naye akiziba kinywa kwa ajili ya mtoto. Kisha akatazama mkono wa kuume, palipokuwa na nyumba kubwa nyeupe iliyofungwa madirisha yote. "Waziri, nyumba ile ni ya nani?"

"Ni yako, bwana wangu. Ni nyumba ya wageni."

"Nani alilala humo mara ya mwisho?"

Waziri Shaibu akakohoa. "Haijalaliwa bado, bwana wangu, ili isije ikachafuka."

"Basi tangu leo ni ya Bi Mwanate na wenzake, na ya watakaowafuata katika kazi hii. Si ya kuazimwa, wala si ya kupangishwa, wala mtu asiwatoe humo, hata mimi. Na hazina iwachimbie kisima, iwajengee jiko, na iwaongezee chumba cha kujifungulia. Hivyo ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Sijui neno langu limepotelea wapi katikati." Akasema hayo akimtazama waziri, na waziri akatazama viatu vyake.

Askari wakaweka mikuki chini wakachukua wagonjwa, kila askari wawili na jamvi lao, na mlango nao ukabebwa nyuma yao. Bi Mwanate aliingia wa mwisho. Alisimama ukumbini akatazama dari, akatazama upana wa sakafu, kisha akaomba ufagio.

Baada ya swala Sultani akamwita Ngwali, akamwuliza anataka zawadi gani kwa nafsi yake. Ngwali akafikiri. "Bwana wangu, leo jikoni kwako kumepikwa pilau. Harufu yake imetufikia barabarani tangu asubuhi, na wagonjwa wameinusa bila kuilalamikia."

"Umepata," akasema Sultani. "Na kwa kuwa Waziri Shaibu ndiye mwangalizi wa hazina, ni haki apeleke yeye mwenyewe, asije mtu akapunguza njiani."

Basi watu wa Kitama wakamwona Waziri Shaibu akivuka barabara na sinia la pilau kichwani, amelishika kwa mikono miwili, Ngwali nyuma yake amebeba bakuli la kachumbari. Walipofika waziri hakuwa na mkono wa kubishia, ikambidi aite hodi kwa mdomo, tena polepole. Bi Mwanate akafungua, ufagio ungali mkononi, akamtazama kuanzia kilemba mpaka chini.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ila viatu uviache nje. Ndiyo kwanza nimepiga deki."