Mama wa Ubatizo wa Lwiza

Nawasimulia jambo, kisha mniamulie, maana mimi limenishinda.

Katika wodi ya wagonjwa wa akili, huko Songea, walikuwako wanawake watatu. Daktari Fausta alijua kusoma damu. Sista Konsolata, muuguzi, alijua kusoma nyuso. Editha, mgonjwa wa muda mrefu, alijua kukaa na mtu bila kumchosha.

Akaletwa Otilia. Tangu ajifungue alizama katika huzuni, na mtoto wake, Lwiza, alibaki kwa bibi. Akiulizwa, Otilia alitabasamu, akasema hajambo. Ikapangwa aruhusiwe.

Fausta alikuwa akitafiti alama zinazopimwa katika damu ya wagonjwa waliowahi kutaka kujiua. Akaziona alama zile zimepanda katika damu ya Otilia, akaomba asiruhusiwe. Wenzake wakamuuliza kama ana hakika. Akakiri kwamba damu huonya tu, haitaji siku, na huenda ikakosea. Hata hivyo aling'ang'ania, Otilia akabakizwa.

Kwa onyo lile, Konsolata hakumwondolea macho. Asubuhi moja akamwona anagawa kanga zake, uso umetulia kupita kiasi. Akatambua kwamba anaaga. Akakimbia kumwita daktari; aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Akawaambia wote waliokuwa karibu wamtafute.

Editha ndiye aliyemkuta, nyuma ya chumba cha kufulia. Hakumkemea. Alimuuliza, "Otilia, unataka kufa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Otilia akakaa chini, akalia. "Nimechoka, dada."

"Basi tuchoke pamoja," Editha akasema, akamshika mkono mpaka wenzao walipofika.

Otilia alitibiwa upya, akapata nafuu, akarudi kwa mwanawe. Sasa Lwiza anabatizwa, na mama wa ubatizo ni mmoja tu. Ndiye atakayemshika mtoto iwapo mama yake atateleza tena. Otilia hatulii. Bila Fausta, angekuwa nyumbani peke yake. Bila Konsolata, asingetafutwa. Bila Editha, asingerudi.

Bibi hamtaki Editha, kwa kuwa bado anameza dawa. "Mgonjwa amlee mtoto?"

"Na mimi je, mama?" Otilia akamuuliza.

Padri anangoja jina. Haya, ninyi mlionisikiliza: mngekuwa Otilia, mtoto mngemkabidhi nani?