Mtani Alipochukua Pawasaplai

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya karibu tu, panya wa kompyuta alipokuwa bado na mkia, paliondokea dada mmoja katika mji mdogo ulio chini ya milima ya Upare. Jina lake Namkunda. Kazi yake kushona. Kipaji chake mdomo.

Namkunda alikuwa akicheza gemu ya mpira kwenye kibanda cha jirani, na huku anacheza huku anatangaza. Akifunga goli, analitangaza mwenyewe. Akifungwa, anamshukia refa wa ndani ya kompyuta, yeye na ukoo wake. Watu waliacha nyanya kwenye mizani wakaja kumsikiliza.

Siku moja kampuni ya utangazaji huko Dar es Salaam ikatangaza mashindano ya gemu hiyo kwa nchi nzima. Sharti lake: kila mtu acheze nyumbani kwake, kwa kompyuta yake, na mechi airushe laivu mwenyewe huku akiitangaza. Picha ikikatika, umefungwa. Mshindi atapewa kazi ya utangazaji, na ataruhusiwa kwenda na fundi wake mmoja, naye aajiriwe. Mmoja. Lishikeni hilo neno, maana ndilo litakalotutoa jasho.

Namkunda akauza cherehani. Mama yake akashika kichwa.

"Mwanangu, umeuza mkono wako wa kulia ununue televisheni?"

"Si televisheni, mama. Kompyuta."

"Kuna tofauti gani?"

"Televisheni unawatazama watu. Hii, watu watatutazama sisi."

Mama akaingia ndani kubadilisha kanga.

Sasa, cherehani iliyochakaa hainunui kompyuta nzima ya dukani. Inanunua vipande. Namkunda akaenda kwa binamu yake Senkondo, fundi simu, mtu mwembamba mwenye maneno machache na dharau nyingi. Senkondo akakubali, na tangu siku hiyo akawa mshenga. Walizunguka maduka ya vifaa vilivyotumika, Moshi mpaka Arusha, yeye mbele, Namkunda nyuma, na kila kinachong'aa Namkunda anakishika.

"Kaka, prosesa hii nzuri, ubongo kabisa wa kompyuta."

"Haioani na ubao wetu."

"Kwa nini?"

"Miguu haiingii."

"Tukiisukuma?"

"Wewe ukisukumwa kwenye kiatu cha mtoto, utaingia?"

Wakaenda duka jingine.

"Na ramu hii, ya kumbukumbu?"

"Ya kizazi kingine. Pengo lake liko pembeni, ubao wetu unataka la katikati."

"Na sanduku hili lenye taa za rangi?"

"Taa hazirushi picha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ubao mama, yaani lile bamba ambalo vipande vyote hupandwa juu yake, alikuwa ameupata kwanza, baada ya kukataa mbao za duka zima. Prosesa na ramu akazipata za kuoana nao. Namkunda alipomuuliza mbona anachagua kama anaoa yeye, Senkondo akamjibu kwa urefu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Kucheza ni mzigo. Kurusha laivu ni mzigo mwingine. Prosesa itabeba mchezo, kadi ya picha itabeba urushaji. Ukimtwisha mmoja yote miwili, atakaa chini katikati ya mechi. Hapo utatangaza nini?"

Mwisho wakanunua pawasaplai, lile bati zito linalogawa umeme kwa vipande vyote. Muuzaji akasema, "Chukueni na stabilaiza, kinga ya umeme unaoruka. Umeme wa siku hizi una wazimu."

"Hiyo baadaye," Senkondo akasema.

Na hapo mfuko ukaisha. Kadi ya picha hawana.

Namkunda akakusanya aibu yake yote, akaenda kwa Mwanahawa, mpiga video za harusi, mwanamke aliyewaozesha watu wa mji huo mara mbili: kanisani au msikitini mara moja, na kwenye kompyuta yake mara ya pili, huko anakompunguza bibi harusi tumbo na kumkausha bwana harusi jasho.

"Shikamoo, da Mwanahawa."

"Marahaba. Umekuja kunipima nguo au kuomba?"

"Cherehani nimeuza."

"Basi umekuja kuomba."

Namkunda akaeleza. Mwanahawa akasikiliza mpaka mwisho, akachukua bisibisi, akafungua kompyuta yake mwenyewe, akachomoa kadi ya picha na kuifunga kwenye kitambaa.

"Hii ndiyo inayonipikia harusi. Pasipo hii, video ikikamilika bibi harusi ana mtoto wa pili."

"Sasa utafanyaje, dada?"

"Nitawaomba watu waoane polepole."

Aliongea kwa kucheka. Lakini msimu ulikuwa wa harusi, na wiki hiyo hiyo wateja wakaanza kupita mlangoni kwake bila kugeuka, wakielekea kwa mpiga video mwingine. Namkunda aliwaona.

Kadi ikawa ndefu kuliko sanduku. Senkondo akaleta msumeno wa chuma, akakata bati la ndani, sanduku likalia kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Kadi ikaingia. Wakabonyeza. Mashine ikawaka! Namkunda akacheza mchujo, akashinda mpaka akaingia fainali, na kwa furaha mama akapika chungu cha makande, majirani wakaja.

Na mtani naye akaja.

Kama hamjui, jueni: Mpare na Mchaga ni watani; Mpare huchekwa kwa ubahili na kupenda kesi, Mchaga kwa kupenda hela. Mtani anaweza kuingia kwenye sherehe yako, au hata msiba wako, akabeba kitu, na kukasirika huruhusiwi. Unakikomboa kwa anachotaka yeye. Ukikasirika, umeshindwa, na utachekwa mpaka na wajukuu zako.

Mtani mwenyewe, Mchaga aliyeitwa Urio, na mjini akiitwa Mangi kama machifu wa kwao, alikuwa anauza misumari kwenye duka la kaka yake.

"Hodi! Nasikia Wapare wamenunua kitu bila kufungua kesi!"

"Karibu, Mangi," Namkunda akajibu. "Umefunga duka? Hela zitalia, zimezoea kubebwa."

Urio akala makande, akayasifu. "Matamu. Mahindi yamehesabiwa, lakini yameiva." Akala tena. Senkondo alikuwa ameichomoa pawasaplai ili apange nyaya upya, akaiweka mezani, akageuka kunawa mikono. Alipogeuka tena, meza tupu. Urio yuko mlangoni, bati kwapani.

"Mateka!" akatangaza. "Mtaikomboa kwa wimbo. Senkondo asimame sokoni, mchana kweupe, aimbe kuwasifu Wachaga."

Watu wakapiga makofi. Mwanahawa akainuka. "Nitaimba mimi, Mangi. Beti kumi, na vigelegele juu."

"Nimesema Senkondo."

"Siimbi," Senkondo akasema.

"Kaka, imba," Namkunda akamsihi. "Fainali ni Jumamosi."

"Niwasifu hawa? Niseme nini? Wanajua kuhesabu?"

Akakataa jioni hiyo. Akakataa kesho yake. Mwanahawa akambembeleza, mama akamfokea, yeye anakaza kamba za viatu tu. Huko nyumbani kwa Urio pawasaplai imelala chini ya mkungu wa ndizi mbivu. Huku Namkunda anakaa mbele ya mashine isiyo na moyo, anafanya mazoezi ya kutangaza mechi ambayo haipo.

Ijumaa mchana, saa ambayo kwa kawaida Namkunda angekuwa mchezoni, umeme ukakatika. Ukakaa kidogo. Kisha ukarudi kwa kishindo, kama mtu aliyesahau kitu.

Friji la mama ntilie likatoa moshi. Redio ya kinyozi ikapasuka, kinyozi akakimbia, mteja akabaki na nusu ya nywele. Kompyuta ya Mwanahawa, ile iliyobaki bila kadi, ikaungulia mezani pake. Kwa Namkunda waya ulikuwa umechomekwa ukutani, na upande wa pili wa waya hakuna kitu. Skrini nayo ilikuwa haijachomekwa, kwani ionyeshe nini? Prosesa nzima. Ubao mzima. Kadi nzima.

Urio akaja mbio, bati mkononi, linanukia ndizi.

"Chukueni! Leo sitaki wimbo."

Wakaifunga pawasaplai, wakaazima stabilaiza ya duka la dawa, na Jumamosi Namkunda akacheza na kijana wa Mwanza. Picha haikukatika. Sauti haikukwama. Dakika za mwisho akafunga goli, akalitangaza kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kipare, na refa wa ndani ya kompyuta akasamehewa yeye na ukoo wake. Namkunda akashinda.

Wale wa Dar wakasema watapiga Jumatatu, awe na jina la fundi wake. Moja.

Jumatatu asubuhi Namkunda akafungua mlango, akakuta mabegi matatu barazani. La Senkondo, dogo. La Mwanahawa, la kamera. La Urio, pamoja na godoro lililofungwa kamba. Na wenyewe wamekaa kwenye benchi, wamebanana, hawatazamani.

Senkondo akaanza.

"Nani alijua miguu ya prosesa? Nani alijua mapengo ya ramu? Ungeachiwa wewe, ungenunua taa. Mimi ndiye niliyevioanisha. Bila mimi, hilo ni sanduku."

"Na stabilaiza ulisema baadaye," Urio akasema. "Ningekuachia pawasaplai yako, vitu vyako vilivyooana vingekufa pamoja, kama wapendanao. Nimewaokoa mimi. Bila mimi, hilo ni sanduku, tena la majivu."

"Ulijua umeme utarudi hivyo?"

"Sikujua."

"Basi hukuokoa. Ulifanya utani."

"Na wewe uliyejua, ulifanya nini?"

Senkondo akafikiri, akapata. "Nilikataa kuimba. Ningeimba, ungeirudisha, na Ijumaa ingeungua. Kwa hiyo aliyeokoa ni mimi tena."

Urio akacheka mpaka godoro likaanguka. "Mnamsikia Mpare? Kiburi chake nacho anataka kilipwe mshahara!"

Namkunda akamgeukia Mwanahawa.

"Na wewe, dada?"

"Mimi najua kidogo tu. Senkondo alichagua kwa hela yako. Urio alichukua kitu chako. Mimi nilitoa changu, tena kilichokuwa kinanilisha. Harusi zimekwenda kwa mwingine, na hazirudi. Bila mimi, hilo ni sanduku."

"Pole, dada," Senkondo akasema, "lakini kompyuta yako iliungua. Kadi ingekuwa ndani yake, leo usingekuwa nayo. Namkunda ndiye aliyekuokolea."

"Nilipoichomoa nilijua itaungua?"

"Hukujua."

"Basi nilitoa kitu kizima."

"Na mimi sikujua," Urio akarukia, "kwa hiyo nami..."

"Wewe uliiba!"

"Mtani haibi!"

"Hata hivyo Mangi una duka," Mwanahawa akasema.

"La kaka. Mimi nawapimia watu misumari, jioni ananikagua mifuko. Da Mwanahawa, kila mtu hapa ana lake."

Namkunda akawatazama. Bila Senkondo, vipande visingeingiana. Bila Mwanahawa, kingepungua kipande. Bila Urio, visingekuwepo vipande. Na huko Dar kuna kiti cha fundi, na kiti hicho ni kimoja, na wawili watakaobaki ataonana nao kila akirudi kumwamkia mama.

Simu ikaita.

"Habari ya asubuhi, dada Namkunda. Hongera tena. Tupatie jina la fundi wako."

Hapo Senkondo akainuka. Akashuka barazani, akavuka njia, akasimama kwenye uwazi wa soko mbele ya wauza nyanya. Akakohoa. Akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, bora msumeno ulipokuwa unakata bati, lakini aliimba: Wachaga ni watu wazuri, Wachaga mikono yao miepesi, Wachaga ndizi zao tamu. Wauza nyanya wakaacha mizani. Akamaliza, akarudi, akakaa, jasho linamtoka.

"Mateka nimekomboa," akamwambia Urio. "Hatudaiani tena. Umeshalipwa, kwa hiyo kiti cha fundi hukidai."

Urio akaliokota godoro lake, akalikalia. Mwanahawa alikuwa anakikunja na kukikunjua kile kitambaa alichofungia kadi.

"Haloo? Dada, uko hewani?"

Namkunda, ambaye tangu azaliwe hajakosa neno, ambaye hata akifungwa hutangaza, alifungua mdomo, na neno halikuja.

Haya nyinyi mnaosikiliza, msitazame chini kama ambao hamkuitwa. Yuko aliyejua, akachagua, akasahau kulinda. Yuko aliyetoa chake, na chake kikapona kwa kutolewa. Yuko aliyechukua kwa utani, na utani ukaokoa vyote. Dada wa Dar bado anasubiri kwenye simu, mabegi matatu yako barazani, na jina linalotakiwa ni moja.

Je, nani alistahili?